Neno Langu la Sabuni

Jumanne, 4 Machi

Nimepoteza neno moja leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, chumba cha mikutano, ghorofa ya tatu. Mashahidi: watu tisa na sahani ya biskuti.

Neno lenyewe ni "Haisimulii." Nililipata kwa ajili ya sabuni ya unga isiyo na tofauti yoyote na sabuni nyingine nne ila rangi ya pakiti. Bosi wetu – ofisi nzima ya matangazo tunamwita Bwana Slaidi, maana kama angeweza, hata chai angeiagiza kwa slaidi – alisimama mbele ya mama wa kampuni ya sabuni, akabonyeza slaidi ya kumi na saba, akasema neno hilo lilimjia akiwa anaoga. Mama Sabuni akaweka kalamu chini. Miaka sita ya vikao, sijawahi kumwona akiweka kalamu chini.

Neno limetajwa mara ishirini na mbili kwa dakika arobaini. Jina langu, sifuri.

Biskuti nimekula nne. Angalau hizo hazijulikani ni wazo la nani.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata ofisini kwake. Kistaarabu kabisa – hata mlango niligonga. Hakukasirika. Alifungua mwongozo wa kazi, ukurasa wa nne, akanisomea kama anamsomea mgonjwa: "Hapa hakuna wazo la mtu. Kuna wazo la chumba."

Mwongozo ule niliuandika mimi. Mwaka juzi, mchoraji wetu alipolalamika kwamba nimebeba wazo lake la kopo la rangi.

Sentensi nzuri, lazima nikiri. Fupi. Inakaa kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamekuwa makubwa. Mama Sabuni amepiga simu: anataka mwenye neno ndiye aongoze kazi yake yote kwa miaka mitatu. Timu yake mwenyewe, na cheo cha mkuu wa mikakati juu yake. Bwana Slaidi atapeleka jina Jumatano. Tunajua sote ni jina gani analolipenda.

Mimi nilianza kwa kuandika vibao vya bei sokoni. Chuo nimekijua kwa kukipaka rangi ukuta. Hakuna aliyenishika mkono hadi ghorofa hii ya tatu, na hata lifti siku ile ilikuwa mbovu.

Na ushahidi ninao. Tulijaribu klipu mbili wiki tatu zilizopita. Ya kwanza ya kwake: mrembo, jua, shati jeupe, tabasamu la mtu aliyelipwa. Watu mia wakianza kuitazama, kumi na wanne wanafika mwisho. Ya pili yangu: mikono miwili na beseni, sekunde kumi na moja. Sitini na nane wanafika mwisho. Aliiita "chafu kidogo." Nikamwambia watu hawatazami sabuni. Wanamtazama mtu anayekaribia kusema jambo.

Mikono ile ni ya shangazi. Nilikuwa nimekaa uani kwake na kikombe cha chai, yeye anafua, anaongea na beseni kama kawaida yake. Akasema: "Nguo za mume wangu nimezifua miaka thelathini. Zinakotoka najua mimi. Lakini nguo ikitoka kwenye beseni hili, haisimulii."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Aliniuliza ninarekodi nini. Nikasema ni ukumbusho tu.

Na kweli ni ukumbusho. Sikusema ni wa nani.

Jumatatu, 10 Machi

Tangazo limetoka asubuhi. Mikono wamebadilisha – ya mrembo, kucha ndefu, beseni la kukodi. Sauti wameacha ileile ya shangazi, na maneno yake yote. Mhariri wa picha ananiambia walijaribu waigizaji watano, na wote walisikika kama watu ambao hawajawahi kukamua hata kitambaa.

Kufikia saa kumi jioni: watazamaji laki tatu na elfu kumi na mbili. Sabini na mmoja kati ya mia wanafika mwisho. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona namba kama hiyo. Niliifurahia kama dakika nne, kisha nikakumbuka si yangu.

Nimemwandikia Bwana Slaidi. Aya nne, nikafuta tatu. Iliyobaki: "Neno 'Haisimulii' nililileta mimi. Ndiyo au hapana? Nataka jibu kabla ya saa sita mchana kesho." Nimetuma. Mtu akibanwa na saa husema ukweli. Hiyo nayo nimeiandika kwenye mwongozo, ukurasa wa tisa.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu. Shangazi amepiga. Hakunisalimu – shangazi, ambaye huuliza habari hadi za majirani zangu asiowajua.

Mumewe alikwenda kunyolewa jana. Kinyozi huwa anaacha simu inacheza mbele ya kioo. Tangazo likaja. Wateja wote ni watu wa mtaa ule, sauti wakaijua kabla haijamaliza. Wakamgeukia: eti mzee, nguo zilikuwa zinatoka wapi? Amerudi nyumbani nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Amekaa sebuleni. Tangu jana ameuliza swali moja tu: kumbe miaka yote hiyo mkewe alikuwa anajua?

Nikaanza kumweleza shangazi jinsi ofisi inavyofanya kazi. Kwamba neno hata si langu tena, nimeibiwa. Kwamba sisi tunasema ni wazo la chumba.

"Chumba gani?" akaniuliza. "Mimi nilikuwa uani kwangu."

Kisha akasema polepole: "Nguo haikusimulia, mwanangu. Umesimulia wewe."

Akakata.

Saa tano na nusu. Jibu la Bwana Slaidi limekuja, kwa upole wa ajabu. Amefikiri sana. Haki ni haki. Neno ni langu, cheo ni changu, jina langu atalipeleka kesho kwa moyo mweupe. Ameambatisha fomu ya ukurasa mmoja. Niweke sahihi tu kwamba sauti niliileta mimi, na kwamba mwenye sauti aliridhia itumike. Anaihitaji kabla ya saa sita, maana wanasheria wa sabuni wameanza kuulizauliza. Kama nina wasiwasi wowote, basi tuliache libaki wazo la chumba.

Nimepiga hesabu. Sahihi moja, uongo mmoja, miaka mitatu. Kwa hesabu peke yake ni biashara nzuri.

Saa sita kasoro robo. Fomu iko mezani, kalamu juu yake. Ujumbe wa shangazi umeingia. Huandika kwa herufi kubwa kwa sababu hajui kuzipunguza.

"YUKO HAPA KAKAA NA KOFIA. ANASEMA LABDA HATA WEWE HUKUJUA KAMA ITATOKA NJE, ANAKUTETEA. NIMJIBU NINI? ULIJUA AU HUKUJUA? SITAKI HADITHI. NENO MOJA, KABLA YA SAA SITA."