Bi Mishi na Picha ya Kichwa Kitupu

Msambweni, Kwale

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu tangu ulipoanza kulikanda kwa mafuta ya mbarika. Mimi sijambo, Alhamdulillahi. Nafundisha, nakula, nalala, na watu wa hapa wananitunza mpaka wakati mwingine naona haya. Jirani akipika samaki wa nazi, sahani yangu hutangulia. Ule wasiwasi wako kwamba mwanao wa Kilwa atakaa ugenini bila mtu, utoe moyoni.

Sasa nikupe habari. Jioni huwafundisha michezo ya kuigiza vijana wachache waliomaliza shule. Sikukuu ya Idi walicheza uwanjani, na bwana mmoja wa Nairobi anayetengeneza sinema akawaona. Akasema anahitaji kijana mmoja, lakini wakubwa wake ndio watakaochagua, kwa hiyo wapelekewe picha ya uso wa kila mmoja. Mama, miongoni mwao mwenye kipaji cha kweli ni Hamisi. Wengine wanaigiza, lakini huyu akilia mchezoni, watu wazima hutafuta leso. Baba yake alifariki, na mama yake, Bi Mishi, hana mtoto mwingine. Nilitamani sana nafasi ile iwe yake.

Wiki nzima nikawaandaa. Niliwaambia waoge kwa sabuni, wanyoe, wavae shati lisilo na maua, na usoni wasijipake mafuta, maana juani watang'aa mno. Niliwakalisha mmoja mmoja mbele ya kioo changu kidogo wajifunze kutulia bila kubana pumzi. Kumbe nilikuwa nikitwanga maji kinuni. Siku yenyewe walikuja wote wanang'aa, kwa sababu hakuna mama wa hapa atakayemwacha mwanawe aende kupigwa picha na uso mkavu kama aliyekosa wa kumtunza. Mpiga picha, mzee wa Kihindi aliyetoka Mombasa, alimtazama wa kwanza akaniuliza, "Mwalimu, huyu nimpige picha au nimkaange?"

Tukawafuta kwa kanga, kazi ikaanza.

Ilipofika zamu ya Hamisi, Bi Mishi, aliyemsindikiza, akaomba kwanza aone picha za namna hii huwaje. Mzee akamwonyesha moja ya mfano: kichwa na mabega, basi. Bi Mishi akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mwalimu, kiwiliwili cha huyu kimekwenda wapi?"

"Kipo, mama. Wao wanataka uso tu."

"Mimi mwanangu nimemzaa mzima. Simtoi kichwa kitupu kikaenda kwa watu nisiowajua. Hamisi, inuka twende zetu."

Hapa mtu hupigwa picha amesimama, viatu vikionekana. Ya kukatwa kifuani wanaiona ni uchuro, dalili ya msiba. Hamisi akainuka, maana mama yake akishasema amesema. Mpiga picha naye akaanza kufunga mashine yake, akihofia kukosa basi la Likoni. Nikawatangulia njiani, nikasema, "Bi Mishi, nami nina mama. Nifanye nini ili moyo wako utulie?"

Akamrudisha Hamisi kitini, akakaa mchangani mbele yake, akamshika mwanawe miguu yote miwili. "Haya, piga. Mimi nitaishika, isije ikasahauliwa."

Pichani wenzake Hamisi wote wametoka wamekodoa macho kama watu waliokamatwa. Hamisi ametoka ametulia, na mdomo wake unataka kucheka. Nairobi wamemwita yeye.

Bi Mishi alinitaka nimtajie vituo ambavyo garimoshi la Nairobi litapitia. Nikamtajia Samburu, Taru, Makinoni Rodi, akawa anavirudia kama uradi. Asubuhi ya safari alimshika Hamisi mkono kwenye dirisha la basi la kumpeleka kwenye garimoshi. Nilidhani atalia na kumng'ang'ania. Basi lilipoanza kunguruma, aliyeuachia mkono kwanza alikuwa yeye. "Nenda, baba," akamwambia, kisha akageuka akaenda shambani kupalilia mihogo.

Wewe nawe, mama, uliniaga mlangoni ukarudi ndani kupepeta mchele. Miaka yote hii nilidhani lilikuwa jambo jepesi kwako. Nilipomtazama Bi Mishi akienda na jembe lake, ilinibidi nijifute macho kabla ya kuingia darasani. Ahsante, mama. Ahsante kwa kuniachia niende.

Nisalimie sana bibi, na shangazi aliyenishonea kanzu, na mjomba muuza kahawa. Nawe Rashidi, mdogo wangu unayemsomea mama barua hii, pale penye ahsante parudie, polepole, naye akiwa ameuweka ungo chini.

Ni mimi mwanao,
Saidi