Dagaa kwenye uji wangu

Jumanne, Kiriba. Joto limeanza mapema, upepo wa ziwani hakuna, na mimi nimeamka na hasira.

Nimerudi jana kutoka hospitali Musoma. Mikono inafanya kazi tena, ndiyo maana naandika. Wiki iliyopita nisingeweza hata kushika simu.

Mwaka jana nilipasuliwa goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Daktari alinieleza kwamba nyuma ya tezi ile ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, na vyangu viliumia. Kazi yake ni kuhakikisha kalsiamu haishuki kwenye damu, na kuzifanya figo zitoe fosforasi kwa mkojo. Visipofanya kazi, kalsiamu inashuka, fosforasi inarundikana, misuli inakaza yenyewe. Nikapewa vidonge vya kalsiamu na vya vitamini D, nimeze kila siku bila kuruka.

Mama mkwe alivichukia tangu siku ya kwanza.

"Hivyo si chokaa tu? Sisi tulikuwaga tunakula dagaa na mifupa yake, nani alivunjika? Kalsiamu si hiyo hapo nje imeanikwa?"

Niseme ukweli, maana huku mtandaoni hanisomi mtu wa nyumbani. Hakuniibia vidonge. Niliacha mwenyewe. Nina miaka sita kwenye boma hili na nilikuwa nimechoka kuitwa mke mgonjwa. Nilitaka anipende. Akasaga dagaa, akawa anatia kwenye uji wangu asubuhi na jioni, nami nakunywa na kushukuru.

Upumbavu mtupu.

Midomo ilianza kufa ganzi, nikanyamaza. Ijumaa nikiwa kwenye cherehani nashona sare za shule, vidole vikajikusanya kama vya mtu anayeokota chumvi, vikagoma kufunguka. Halafu koo likabana. Mama mkwe akaita wenzake wa maombi waje kukemea pepo. Pepo! Wananipigia kelele masikioni na mimi natafuta pumzi, mpaka mume wangu alipofika kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, akanipakia kwenye pikipiki.

Hospitali walinichoma kalsiamu kwenye mshipa, polepole, vidole vikaachia. Mama mkwe alipokuja kuniona, daktari alimweleza mbele yangu. Dagaa wana kalsiamu, ndiyo, lakini wana fosforasi nyingi pia, na mwili wa huyu hauwezi kuitoa. Asile dagaa wa kusaga, na vidonge asiache. Akaitikia kwa adabu zote: "Nimekuelewa, daktari."

Leo asubuhi uji wangu ulinuka dagaa.

Nikamuuliza. Hata hakugeuka kutoka motoni.

"Nimetia kidogo tu, mwanangu. Utapataje nguvu?"

Nikawamwagia kuku uji wote, yeye akiangalia. Kufika saa sita kijiji kizima kilishajua kwamba nimekataa chakula cha mama mkwe.

Namchukia. Leo namchukia kweli, na sitaki kuambiwa nimsamehe. Najua hataki kunidhuru, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, kwa sababu ataendelea kutia kidogo tu, kidogo tu, mpaka siku koo langu litakapobana na pikipiki haipo.

Huku kwetu, mke akiwasha moto wake wakati jiko la mama mkwe lipo, maana yake amejitenga. Wazee wanaitwa. Mume anaulizwa ni nani anaongoza nyumba yake. Kwa miaka sita nimeiogopa aibu hiyo, na Ijumaa ilikuwa karibu kuniua.

Jioni hii nimeokota mawe matatu ufukweni, nimeyapanga nyuma ya chumba cha cherehani. Mume wangu ameyakuta. Nilijiandaa kugombana naye pia. Ameyatazama, akaenda akarudi na mzigo wa kuni, akauweka pale.

Kesho uji wangu napika mwenyewe, na vidonge vitakuwa kando ya kikombe. Wazee waje tu. Watanikuta nakunywa.