Siku Bastola ya Babu Yako Ilipogoma

Harrow, 24 Septemba 1997. Usiku, baridi na manyunyu.

Mume wangu Rashidi,

Shangazi yako hajambo, nami goti limetulia. Umeniuliza, kabla hujanunua bastola ya kulinda duka, kama ya babu yako iliwahi kugoma. Jirani yangu Mwingereza anaisalimisha yake polisi kwa sheria mpya, na anaapa haijagoma hata siku moja.

Ya babu yako iligoma mara moja. Nilikuwa bi harusi kutoka Tanga, tukiishi Lushoto. Nilitaka kumfurahisha, nikaisafisha na kuipaka mafuta ya nazi, kama tulivyopaka kila kitu kwetu. Sikujua kuwa baridi ya kule huyagandisha.

Kuku wetu walikuwa wakiibwa. Alfajiri moja yenye ukungu babu yako akaona mtu kando ya banda. Akamlenga kifuani, akavuta. Ikalia "tik" tu.

"Kaka! Nimekuja kumwona bi harusi, sikufuata kuku!"

Alikuwa mdogo wake, Idi. Babu yako akaketi kwenye majani yenye umande. Baadaye akaifungua, akaona utando mweupe ndani.

"Nani kaitia nazi?"

"Mimi."

Hakunifokea. Aliifunga kitambaani, akaisalimisha polisi, asiitake tena.

Huyo ndiye Babu Idi aliyekufundisha baiskeli. Kwa hiyo sijui nikuombee bastola ya namna gani, mume wangu.

Sasa ni saa tano na robo usiku. Nalala.

Bibi yako