Uani Palikuwa na Nafasi, Dada

Dada yangu Mejumaa,

Nakusalimu kwanza, kwa maana wewe ni mkubwa wangu, na mkubwa husalimiwa hata akiwa hawezi kuitikia. Shikamoo.

Huu ni mwaka wa pili tangu tulipokulaza hapa Gazi, karibu na mama. Vijana waliokuwa wakiimba uhuru pale uwanjani sasa wameoa na wana watoto. Shuleni kwangu ameletwa mwalimu mkuu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. Nami nimestaafu, na pumzi zangu zimekuwa fupi. Nikipanda kutoka mikokoni husimama mara mbili nikijifanya natazama bahari. Nakuambia haya kwa sababu ninaogopa, na katika ukoo wetu sikuzoea kumwambia mtu hofu zangu isipokuwa wewe.

Sikiogopi sana kifo changu. Naogopa kitakachompata wifi yako Mishi nikishakufa.

Mishi alianza kuumwa na kisogo mwaka jana. Nilimpeleka Msambweni. Daktari akamfunga kile kitambaa mkononi, akajaza upepo, akatazama zebaki ikipanda katika kioo, kisha akasema maneno yaleyale aliyokuambia wewe. Presha. Nilikuwa nimeketi juu ya benchi lilelile tuliloketi mimi na wewe.

Unaijua tabia yangu ya kueleza. Wewe nilikueleza kwa mfano wa mpira wa baiskeli. Nilisema damu husukuma kuta za mishipa kama upepo unavyosukuma mpira, na ukizidi kwa muda mrefu kuta huchoka, na siku moja hupasuka mahali penye udhaifu. Nilisema moyo ni pampu, na mtu anayetembea kila siku huupa nguvu, ukasukuma bila kujikamua, na mishipa nayo ikalegea. Ndiyo maana daktari alikupa vidonge, akakupunguzia chumvi, na juu ya hayo akakuagiza utembee nusu saa kila asubuhi, mwendo wa kutoa jasho, si mwendo wa kwenda harusini. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Na huo upepo wangu, Mwalimu, ni nani aliyeujaza?"

Tulikuwa tukitoka jua likichomoza, mimi na wewe, mpaka barabara kubwa na kurudi. Kwetu mtu hatembei bila kuwa na aendako. Kila mlango uliuliza, "Mwaenda wapi?" nawe uliona haya kujibu kwamba hatuendi popote. Ukaanza kubeba kikapu kitupu, ili waone unakwenda dukani. Basi wakakutuma. Huyu chumvi, huyu mafuta ya taa, huyu vitunguu. Baada ya wiki mbili ulikuwa ukirudi umewabebea mtaa mzima, na ulinilaumu mimi: "Presha imeshuka, Mwalimu, lakini shingo imevunjika." Na kweli ilikuwa imeshuka. Daktari alikuonyesha zebaki kwa kidole, ukacheka kama msichana.

Kisha shemeji Salimu akafariki, ukaingia eda.

Shangazi Mwanatumu alikuja kukutunza. Akakutandikia mkeka pembeni mwa chumba, na tangu siku hiyo hukuachwa uinue hata kijiko. Chakula kililetwa, maji yaliletwa, beseni la kunawia lililetwa. "Mjane hazunguki," alisema Shangazi, na wanawake wote wakakubali. Hawakukosa upendo. Kwetu kumpenda mgonjwa au mfiwa ni kumzuia asisimame.

Nilikuja kila siku baada ya alasiri. Niliona uso wako ukivimba. Niliona ukishika ukuta ili uende msalani. Siku moja ulisema, "Miguu yangu imesahau njia," nami nikacheka, dada. Nilicheka.

Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka kukuandikia, na nimechana karatasi tatu kabla ya kuliandika. Nilikuwa nimesoma kwamba eda humzuia mjane kujipamba, kuolewa, na kutoka nyumbani kwake bila haja. Haimzuii kusimama. Ua wako wa makuti ulikuwa na nafasi ya kutosha, hatua thelathini kutoka jikoni mpaka bafuni, na hakuna mpita njia ambaye angekuona. Kila siku nilikuja nimelipanga neno langu, na kila siku niliwakuta wanawake wameketi, nikaona haya. Mwanamume atie mdomo katika eda? Nikajiambia, zimebaki wiki chache tu, atatoka, tutaanza tena.

Mwezi wa tatu wa eda, kabla ya adhuhuri, ulikuwa ukisuka ukili wa mkeka. Wanasema mkono wa kulia uliuachia, ukautazama ule mkono kama si wako. Nilipofika mdomo ulikuwa umekwenda upande. Ulitaka kuniambia jambo. Sijui lilikuwa nini. Siku mbili tu, basi.

Nilimwuliza daktari kama kutembea kungekuokoa. Alisema hakuna ajuaye. Huenda. Ninalala na neno hilo na ninaamka nalo.

Sasa sikiliza kuhusu Mishi. Tumetembea pamoja mwaka mzima, na kisogo kimetulia. Lakini mwezi uliopita nililazwa na homa siku nne, na siku zote nne hakutoka hata mlangoni. Nilipomwuliza alisema, "Nitembee na nani, na mume wangu kalala?" Hapo nikapiga hesabu. Kwa homa yangu amekaa siku nne. Kwa kifo changu atakaa miezi minne na siku kumi, juu ya mkeka, na Shangazi yuko mlangoni.

Nilikwenda kwa maalim wa msikitini. Nilimkuta akinywa kahawa. Akasema, "Ua ni sehemu ya nyumba yake, Mwalimu. Atembee. Na akiugua, apelekwe hospitali. Nani amemkataza?" Kikombe chake hakikuwa kimepoa. Muda mfupi hivyo, dada. Ningeweza kumwuliza wakati wako.

Jana asubuhi niliwaketisha uani Mishi na Shangazi, nikasema yote. Nilisema, siku nitakapokufa, mke wangu atazunguka ua huu kila asubuhi mpaka atoke jasho, na mtu asimzuie. Mishi aliweka mbuzi ya nazi chini. "Kwani wewe waenda wapi?" aliniuliza. "Wamwita Izraili kwa jina?" Macho yake yalijaa machozi na hasira, nami niliogopa kwamba huenda kweli nimeita kitu.

Shangazi akasema, "Mbona hukusema wakati wa dada yako?"

Mimi, niliyeeleza watu mambo miaka arobaini, niliinamia kofia yangu mikononi. Nikamwona Shangazi naye amejifunika uso kwa kanga, nikafahamu kwamba swali lile alijiuliza yeye pia.

Mishi ndiye aliyeinuka. "Nikizunguka hivi utanyamaza?" Akazunguka, amenuna, akipiga teke vifuu vilivyomzuia. Mara ya kwanza, ya pili. Nilikaa kando kwa makusudi, sikumfuata. Mara ya tatu, Shangazi akasema kutoka chini ya kanga, "Inua miguu, mwanangu. Waiburura."

Bado naogopa, dada. Naogopa huzuni itakapoingia nyumba hii watu watasahau, na mkeka utatandikwa. Ndiyo maana nakuahidi hili. Mjane yeyote atakayekaa eda hapa Gazi nikiwa hai, nitapiga hodi siku ya kwanza na nitasema ninalolijua, wanawake wakinicheka na wanicheke. Na nisipokuwapo mimi, Shangazi amesema atasema yeye. Uzee wake unanitia hofu, lakini sauti yake bado inasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe nafasi kuliko ile tuliyokunyima.

Mdogo wako,
Omari