Phelister Hakunituma Nimsemee

Old Kampala,
14 Juni

Dada yangu mpendwa Nelima,

Pokea salamu za msomi ambaye Kampala nzima haijapata kuona mwenzake. Mawakili wa mji huu hupitia kwanza kwenye meza yangu ya vitabu vya mitumba nikawanyoosha, ndipo waende kortini. Usicheke. Mama mguu unamwendeleaje? Nawe bado unawafokea watoto wa nasari kama ulivyonifokea mimi? Mimi ni mzima, matoke yamenikubali, hata shingo imepotea.

Sasa sikia. Kwenye gunia la vitabu nilipata kimoja kisicho na jalada, cha mwandishi aliyekufa kabla babu hajazaliwa. Nilikisoma wiki tatu na kamusi mkononi. Anasema maisha ya mtu mzima ni yake. Kama hamdhuru mtu mwingine, waweza kumshauri, hata kumsihi ukitaka, ila usimlazimishe. Tena anasema macho ya majirani hufunga watu kuliko serikali. Nikashangaa, huyu marehemu alikijuaje chama chetu?

Maana chama chetu cha kuzikana, cha Wakenya wa magharibi, kilimwita Phelister, mjane wa Ogutu, anayeshona nguo Kabalagala. Tulikutana Bugolobi Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti, Mzee Odero, akatangaza kwamba arithiwe na shemeji yake. Akikataa jina lake lifutwe, na siku akifa asisafirishwe kwenda kuzikwa nyumbani. Wajua uzito wa neno hilo kwa mtu wa kwetu.

Nikasimama na kitabu changu. Nikauliza Phelister amemdhuru nani. Mzee Odero akasema hafundishwi na mtoto aliyeishia kidato cha pili. Nikainua kitabu, nikamjibu kwa heshima kwamba ndiyo maana nimekuja na aliyemaliza. Watu wakacheka. Ndipo Phelister akasimama mwenyewe, akasema amezika na wao na ataendelea kuzika na wao, lakini mlango wa nyumba yake ataufungua yeye. Kina mama wakamuunga mkono, na jina likabaki.

Nje nikamngojea anishukuru. Akaniambia, "Umenisemea vizuri, Profesa. Ila kati yako na Odero, nani aliniuliza kwanza ninachotaka?"

Swali hilo likanirudisha kwako, Nelima.

Unamkumbuka Oyet, yule polisi Mwacholi mliyezoeana naye ulipokuja kwangu Pasaka ya mwaka jana? Ulipoondoka alinijia kwa adabu, akiuliza njia ya kufika kwetu kukuposa. Nikamwambia umeshachumbiwa. Niliona nyumbani hawatamtaka mtu wa kaskazini, nikakuamulia. Ulipouliza mbona amenyamaza, nikakwambia polisi ndivyo walivyo.

Juzi nimemweleza ukweli. Alikasirika, haki yake. Hajaoa, na namba yake ni ileile. Umpigie au usimpigie, sitauliza.

Msalimie Mama na wote wa boma. Vitabu vyote nilivyosoma havikunizuia kukudanganya.

Ni mimi niliyekukosea,
mdogo wako,
Wangila