Sala ya Mama kwa Kidachi

Utawani, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka 832

Kaka Ratmund,
Amani ya Kristo. Hujambo huko monasterini? Mimi mzima, ila mama kifua kimembana. Tumemleta hapa kwetu masista tumuuguze. Jana padri alimwombea kwa Kilatini. Mama akamkatiza: "Baba, mimi nakufa, nawe unanisemesha kigeni?" Sasa anataka Baba Yetu kwa Kidachi, lugha yetu ya nyumbani, aielewe yote. Msomi wetu ni wewe. Mpe jibu huyu mwuza chumvi anayekuletea barua.
Dada yako, Hruodlind

Siku ya Mtakatifu Galus

Dada,
Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Nilimwuliza mwalimu wangu, akacheka. "Kidachi? Jina lenyewe latokana na thiot, watu. Ni lugha ya watu tu, wachunga nguruwe!" Nikaona haya. Lakini tangu siku hiyo situlii. Naandika kwa siri, nafuta. Nimekwama penye "litukuzwe". Sisi kwetu tulitukuza nini?
Kaka yako

Siku ya Mtakatifu Martino

Kaka,
Leo sikuulizi hali. Wiki sita! Mama hali chochote. Mlango ukilia tu, "Ratmund kaleta?" Unatafuta neno zuri, au unamwogopa mwalimu? Leta lolote.
Dada yako

Siku tano baadaye

Dada,
Shika sala, hii hapa, nzima, nimeiandika kwenye ngozi. Mwalimu ameikuta, kanitoa chumba cha kunakili; naosha masufuria. Nilimwambia, "Kama ni lugha ya watu, basi mama yangu naye ni mtu." Ruhusa ya kuja nimenyimwa. Msomee polepole.
Kaka yako

Siku ya Mtakatifu Andrea

Kaka yangu,
Pole, nasi poleni sote. Ngozi yako imefika, mama tumeshamzika.
Ile siku nilipokuandikia sikuweza kungoja. Nikaanza kumsomea mwenyewe kwa Kidachi, najikwaa. Penye "litukuzwe" nami nikakwama. Mama akasema, "Sema lisichezewe, mwanangu. Jina la mtu halichezewi." Tukaenda hivyo hadi mwisho, yeye akinisahihisha. Kisha: "Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunaomba mkate!" Akacheka mpaka akakohoa. Alhamisi akatutoka.
Yako ni nzuri kuliko yetu. Masista wanataka kujifunza. Niwafundishe ipi?
Dada yako

Siku ya Mtakatifu Nikolasi

Dada,
Nimelia juu ya masufuria. Chukua kisu, ikwangue ile ngozi niliyokuletea, maneno yangu yatoke mpaka iwe nyeupe. Andika ya mama.
Kaka yako, Ratmund