Nilimpa Waziri Sauti ya Baba Mkwe

Ndugu yangu, nimekwisha. Mchumba wangu hapokei simu.

Leo kwenye ukumbi wa sinema nilikuwa nawatafsiria watazamaji ile filamu ya waziri anayeuza siri za serikali na kuwamaliza mashahidi. Unanijua nikishika maiki, kila mhusika lazima apate sauti yake. Waziri nikampa sauti ya baba mkwe.

Baba mkwe, jamani. Kile kikohozi chake, na ule msemo wake, "Mimi sina haraka, kijana, lakini sisahau." Kila waziri akitaka kuua mtu, nakohoa, nausema. Watu wanavunjika mbavu.

Taa zikawaka. Mzee huyo hapo kiti cha mbele, kofia mapajani. Kumbe alikuja kuniona kazini kabla hajajibu posa.

Nikampa shikamoo. Watu wote wanatutazama.

Akakohoa.

Akakohoa, ndugu yangu, na watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akangoja wanyamaze, akanikazia macho, akasema polepole, "Mimi sina haraka, kijana."

Ukumbi mzima ukammalizia, "Lakini sisahau."